Sifa za Jalala

Zubeiri wa Moa alikuwa na fahali mzuri kupita kiasi, na kwa ajili hiyo alimtukana kutwa kucha. Alimpa jina la Jalala. Kila asubuhi alimpaka masizi na mavi mbavuni, akamning'iniza kitambaa cheusi shingoni, kisha akamtoa nje huku akimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Toka, nyamafu wee, hata fisi hakutaki!" Jalala alizoea. Alitoka taratibu, mfupi, kifua kipana, nundu imesimama wima, akaenda zake malishoni kama mtu aliyeamkiwa kwa heshima zote.

Usimwone Zubeiri mwehu. Kijiji kizima cha Moa siku zile, mwaka wa hamsini na tano hivi, kilikuwa na tabia hiyo hiyo. Ukimuuliza mtu habari za mbuzi wake, atakwambia wana upele. Ukimuuliza muhogo wake, umeoza wote shambani, na huku nyuma yako wanawe wanashusha makapu. Kusifu kitu mbele ya watu kulikuwa ni kukikabidhi kwa jicho la hasidi, na mtu mwenye adabu hakusifu chake wala cha mwenziwe. Alikiponda. Ukitaka kumwonyesha jirani kwamba unampenda, ulimwambia mtoto wake mchanga ana sura ya nyani.

Basi kila ndama mwenye afya pale Moa alikuwa na kifua cha Jalala, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Watu walileta majike wao uani kwa Zubeiri kimya kimya, wakisingizia wamepita tu, ng'ombe ana kiu. Zubeiri naye alijibu, "Mwache anywe, ingawa hapa hakuna la maana." Jike akinywa maji yake, na Jalala akifanya kazi yake, mwenye jike alitazama juu kuhesabu mawingu.

Lakini moyoni, Zubeiri alimpenda yule mnyama kuliko alivyoweza kueleza. Mkewe, marehemu Mwanasiti, alipofariki aliacha ng'ombe mmoja jike. Jike huyo naye alipokufa, aliacha ndama mmoja dume. Ndiye Jalala. Yule jike hakuacha mtoto mwingine, na Zubeiri aliona kama mkono wa mkewe ungali umeshika kamba ya yule fahali.

Siku moja Jumbe Safari, mkubwa wa kijiji, akapiga mbiu. Bwana mifugo anakuja kutoka Tanga mjini. Serikali imeona kwamba ng'ombe hawa wadogo wa pwani wanastahimili mbung'o na joto kuliko wale wakubwa wa bara, kwa hiyo inataka wazaliane vizuri. Kila fahali ataletwa uwanjani apimwe, apewe alama katika mia. Atakayefika sitini atabaki fahali. Asiyefika atahasiwa papo hapo kwa koleo, awe maksai wa kuvuta gari.

Zubeiri aliposikia neno koleo, alijikuta amebana mapaja yeye mwenyewe.

*

Bwana mifugo huyo aliitwa Noa, Mshambaa wa Mlalo, Mlutheri, mtu mwema asiyependa maneno mengi. Alivaa kaptula ya kaki na alichomeka chaki nyuma ya sikio, maana alama alikuwa akiziandika kwenye paja la ng'ombe mwenyewe ili kila mtu azione. Miaka mingi alifanya kazi bara, kwa wafugaji wenye majigambo. Huko mtu akikwambia ng'ombe wake hutoa debe la maziwa, ujue ni nusu debe. Noa alikuwa amejifunza kukata. Lolote aliloambiwa na mwenye mali, alilikata nusu, na kila mara alikuta amepatia.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletwa Moa.

Siku ya kupima, fahali wakapangwa uwanjani, naye akamfikia Jalala. Akaleta ndoo, akamwosha masizi, akarudi nyuma hatua moja kutazama. Akampapasa mgongo kutoka nundu mpaka mkiani. Akamtazama kwato, akamfungua kinywa, akainama nyuma akapima korodani kwa kiganja bila haya, na wanawake wakageukia upande wa bahari.

"Mwili huu ni mzuri sana," akasema.

Watu wakashtuka kama waliomwagiwa maji. Zubeiri akatema mate pembeni. "Sema mashallah, bwana! Tafadhali!"

"Mashallah," akasema Noa ili yaishe, akaandika pajani kwa chaki: hamsini na tano katika sabini. "Zimebaki thelathini za ukoo. Hizo siwezi kuziona kwa macho, lazima niulize. Haya, mzee. Mama yake alikuwa ng'ombe wa namna gani?"

"Ah, bwana," akasema Zubeiri, na ulimi ukaenda wenyewe ulikozoea, "alikuwa ng'ombe basi tu. Mtu kama huna kitu, utafuga hata gogo."

"Maziwa je?"

"Maziwa gani? Ukikamua sana, yanamtosha paka kulowesha ndevu."

"Na ndama wa huyu fahali?"

"Wapo wanaozaliwa. Sasa tufanyeje, tunashukuru tu."

"Ana maradhi?"

"Nikuambie asiyokuwa nayo, itakuwa upesi zaidi."

Huku nyuma watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Zubeiri alikuwa amelelewa, hilo halikuwa na ubishi. Lakini Noa alibaki na chaki hewani. Katika kazi yake yote hajapata kumsikia mwenye ng'ombe akisema hivi. Akajaribu kukata nusu kama kawaida, akaona hakuna cha kukata. Ikiwa mwenyewe anakiri haya, aliwaza, basi ukweli ni mbaya zaidi. Akaandika sifuri kando ya hamsini na tano, akaufungua mkoba wake, na koleo likatoka. Lilikuwa refu kama mkono, na taya zake ziling'aa.

"Haifiki sitini," akasema. "Mshikeni."

Zubeiri akarukia mbele. "Bwana! Bwana mifugo, ngoja! Yale nilisema tu. Mama yake alikuwa na maziwa!"

Noa akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, kila mtu akiliona koleo hili hukumbuka kwamba mama alikuwa na maziwa. Wewe sasa siwezi kukusikiliza. Nipe shahidi."

Shahidi! Zubeiri akapumua. Mashahidi walikuwa wamejaa uwanja mzima. Akamvuta Mwinyijuma, jirani na sahibu yake tangu chuo cha Kurani, ambaye mifugo yake yote ilikuwa watoto wa Jalala. "Mwambie, yakhe. Mwambie bwana ulichokiona."

Mwinyijuma alijua rafiki yake yuko taabuni, na alitaka kumsaidia kwa moyo wake wote. Ndiyo sababu alijitahidi kuliko siku zote. "Huyu, bwana? Mama yake alikuwa na chuchu mbili tu zinazotoa, na moja katika hizo ilitoa hewa. Ndama wake mimi mwenyewe n'nao, na wallahi najuta."

"Mwinyijuma!" akalia Zubeiri.

"N'nakulindia mali yako!" akanong'ona Mwinyijuma, macho yamemtoka. "Watu wote hawa wanatazama!"

Noa akamgeukia Jumbe Safari. Jumbe, ambaye majike wake wawili walikuwa na mimba za Jalala, akakohoa, akasema yeye huyo fahali hamfahamu vizuri, ila kwa kusikia tu, na aliyoyasikia si mema. Mwingine akadakia kwamba mnyama ana kichaa cha vipindi. Mwingine akaongeza kwamba haoni vizuri. Walimpenda Jalala wote, na kwa mapenzi hayo walikuwa wanamsukumia kwenye koleo.

"Hata hizi hamsini na tano," akasema Noa akikuna kichwa, "naona nimempendelea."

*

Zubeiri akazungusha macho akitafuta mtu, yeyote, ambaye mdomo wake unaweza kusema jema. Macho yakamwangukia Bi Asmahani.

Alikuwa amesimama peke yake penye ua wa makuti, amegeuka ubavu, anatazama chini. Ndivyo alivyosimama popote penye watu. Miaka mingi nyuma, Bi Asmahani alipita mahali akasema, "Ee, mpapai huu umezaa!" na juma halijaisha, upepo ukauangusha. Ikawa basi. Moa ikaamua ana jicho. Tangu hapo hajakisifu kitu chochote, wala mtu, wala mboga. Walimwamkia shikamoo kwa mbali, akaitika marahaba, akapita. Zubeiri mwenyewe kila alipomwona anakuja, alimgeuza Jalala atazame ukuta. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama yanamuuma.

Lakini bibi huyu ndiye aliyemjua vizuri mama yake Jalala. Bintiye alipofariki kwa uzazi, aliacha kitoto cha siku moja, na kila alfajiri Mwanasiti alivuka njia na kibuyu cha maziwa ya yule ng'ombe kwenda kukinywesha kitoto kile. Leo kitoto ni kuli bandarini Tanga, anajitwika robota la mkonge anaimba.

"Bi Asmahani!" akaita Zubeiri.

Mwinyijuma akamshika mkono. "Wewe una akili? Yule? Bora koleo!"

"Bi Asmahani, mamangu, mwambie bwana habari ya maziwa."

Bibi akageuka polepole. "Leo ndiyo n'naitwa mimi, Zubeiri?"

"Ndiyo, mama."

"Nimsifu ng'ombe wako. Kwa mdomo huu. Na kesho akikohoa?"

Zubeiri akaishika kamba ya Jalala kwa mikono miwili.

"Sema kwanza," akasema bibi. "Sema mbele ya hawa wote. Lolote litakalompata mnyama huyu, si jicho la Asmahani. Ukishasema, nami n'tasema."

Zubeiri akalitazama koleo. Akamtazama Jalala, aliyesimama ameoshwa, rangi yake ya sukari guru imetoka hadharani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Aliogopa. Aliogopa jicho, aliogopa na watu. Lakini aliona aibu pia, kwamba mama huyu mzima anaomba kitu kidogo hivi, na kwamba imembidi yeye kwanza apate shida ya ng'ombe ndipo ampe.

"Lolote litakalompata Jalala," akasema kwa sauti, "si jicho la Bi Asmahani. Mashahidi ni ninyi."

Bi Asmahani akasogea. Alianza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa na ganzi.

"Maziwa ya mama yake yalikuwa mazito. Ukiyaacha usiku, asubuhi unaikata kwa kijiko malai iliyoganda juu." Akameza mate. "Kibuyu kilikuja kimejaa mpaka povu linamlowesha Mwanasiti mkono. Kiangazi ng'ombe wa watu wamekauka, huyo alikuwa anatoa. Mjukuu wangu alinenepa mpaka akawa na mikunjo shingoni, mashallah, nikawa namfuta jasho katikati ya mikunjo!"

Hapo pakafunguka. Maneno mema ya miaka yote hiyo yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno yake yakingoja, na sasa yalitoka yakisukumana. Alimsifu Jalala kwato, akamsifu mapaja, akamsifu kope. Alitaja ndama mmoja mmoja wa pale kijijini, yupi ana mgongo wa baba yake na yupi ana upole wake. "Na huyu jumbe asiyemfahamu, bwana, majike wake wanaletwa kwa Zubeiri wakati wa adhuhuri, watu wakiwa msikitini! Mimi n'nakaa mkabala, naona!"

Kicheko kikapasuka uwanja mzima, Jumbe Safari akawa anasafisha fimbo yake. Zubeiri alicheka pia, huku kila sifa ikimchoma kama mwiba. Alitamani kumziba Jalala masikio.

Noa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta sifuri kwa kiganja, akaandika ishirini na tano. Jumla themanini. Koleo likarudi mkobani.

*

Hadithi ingeishia hapo, watu wakaenda kula, kama Moa isingekuwa Moa. Hofu ya sifa zile iliwaingia. Kila mtu aliona amchangie mnyama nguvu ya kuhimili. Mmoja akaleta majani mabichi ya viazi, mwingine majani ya viazi, wa tatu akaleta kapu zima la majani ya viazi. Jalala, ambaye maisha yake yote alipewa matusi na nyasi kavu, hakukataa karamu. Alikula yote.

Baada ya swala ya alasiri, ubavu wake wa kushoto ulikuwa umefura kama ngoma iliyowambwa. Akapiga magoti uani, ulimi nje, akakoroma.

Ua ukajaa watu. Shingo zote ziligeuka upande mmoja, kwenye nyumba ya mkabala. "Nilikwambia," akanong'ona Mwinyijuma. "Mpapai ule ulianza hivi hivi."

Na ukweli usemwe: Zubeiri naye, kitu cha kwanza kilichomjia kichwani kilikuwa mpapai.

Bi Asmahani hakungoja kuitwa. Alivuka njia, akasimama penye mlango wa ua, ncha ya leso mdomoni. Hakuingia. "Nimekuja kusikia kwa masikio yangu," akasema.

Watu wakamtazama Zubeiri. Walikuwa wanangoja neno moja tu kutoka kwake, na alijua ni lipi. Aseme, na wote watakuwa upande wake, watamlilia ng'ombe pamoja naye, watampikia. Asiposema, na Jalala akafa, atakuwa amepoteza mnyama wa Mwanasiti na kijiji kwa siku moja. Jalala akakoroma tena, na Zubeiri akahisi machozi yanakuja.

"Ni majani ya viazi," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia kwa nguvu. "Ni majani ya viazi! Ni ulafi wake yeye na ujinga wetu sisi. Bi Asmahani, usisimame hapo, mama. Njoo unishikie kichwa chake. Na wewe Mwinyijuma, kamwite bwana mifugo!"

Noa alitolewa kwenye wali wa jumbe, akaja mbio na punje zingali ndevuni. Akaomba chupa ya mafuta ya nazi. Bi Asmahani aliketi mchangani, kichwa cha Jalala mapajani mwake, akamwinua mdomo, na Noa akamimina. Kisha Noa na Zubeiri wakaanza kuukanda ule ubavu, kukanda na kukanda, jasho likiwatiririka. Bibi na fahali walitazamana jicho kwa jicho, karibu kabisa, na watu wengine walishindwa kuangalia, wakajifunika nyuso.

Bibi hakupepesa. "Kunywa, baba," alimwambia. "Kunywa, mzuri wangu."

Wakazidi kukanda. Ndipo Jalala akacheua. Alicheua mcheuo ambao wazee wa Moa hawajapata kuusikia kwa kiumbe chochote, mrefu, mnene, wenye harufu ya mashamba matatu ya viazi, na ulimpata Bi Asmahani usoni mpaka leso ikamruka kichwani. Kuku wakatawanyika. Noa akakaa chini.

Jalala akacheua wa pili, akasimama, akajitikisa, kisha akaanza kuitafuna ncha ya leso iliyoanguka.

Zubeiri alilia mbele ya watu wote, bila kujificha, ameshika nundu ya mnyama wake. "Ni mzuri," akasema, akakosa neno jingine. "Ni mzuri huyu. Ni mzuri." Bi Asmahani alikuwa anacheka, mafuta na mate ya ng'ombe yamemjaa usoni, anacheka mpaka anashika mbavu, na hakuna aliyekumbuka lini alimwona akicheka.

Jioni ilipokaribia, watu wakaondoka mmoja mmoja. Bi Asmahani naye akajifunga leso yake iliyotafunwa, akaaga. Kwake ni kuvuka njia tu, lakini alizungukia kisimani kunawa uso, na njia hiyo ilipita uani kwa Mwinyijuma, na kuku wa Mwinyijuma walikuwa wanarudi bandani, wanono, manyoya yanang'aa. Bibi akasimama. Watu waliokuwa nyuma yake nao wakasimama.

"Mwinyijuma," akasema, akiwatazama kuku waziwazi. "Kuku wako wamependeza, mashallah."

Mwinyijuma akameza mate. Akawatazama kuku wake, akamtazama Zubeiri aliyesimama kule njiani na kamba ya Jalala mkononi, akamtazama bibi.

"Ahsante, Bi Asmahani," akasema. "Jogoo ndiye mzuri zaidi. Njoo umtazame."